Watoto 82, kisha 44: kisa cha darasa la kwanza Magharibi mwa Kenya

Mwaka 2005 darasa la kwanza katika shule nyingi za msingi za Bungoma na Butere-Mumias lilikuwa na watoto 82 kwa wastani, wote kwa mwalimu mmoja. Kipindi cha watoto wa umri huo nchini Kenya ni dakika 30. Dakika 30 ni sekunde 1,800. Zigawe kwa 82, kila mtoto anaangukiwa na sekunde 22, na hapo bado hujatoa muda wa kuita majina, wa kugawa vitabu visivyotosha, wa kumtuliza anayelia. Ukimwuliza mzazi, mwalimu au diwani dawa ya hali hiyo, jibu ni lilelile: aongezwe mwalimu, darasa ligawanywe.

Lilifanyika hilo, katika shule 140, tena kwa utaratibu uliowezesha matokeo kupimwa. Watoto waliobaki na mwalimu wao wa awali wakajikuta 44 badala ya 82. Hata hivyo alama zao hazikupanda kwa kiwango cha kuonekana. Wenzao waliohamia kwa mwalimu mpya, darasa dogo vilevile, shule ileile, mtaala uleule, walipanda. Kwa yeyote anayezungumzia madarasa madogo na vipindi vifupi kama njia ya kuokoa elimu yetu, tofauti kati ya vyumba hivyo viwili ndiyo ya kuchunguzwa kabla ya kuchora ratiba mpya.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Januari 2003 serikali mpya ya Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi, na uandikishaji ukaruka kutoka wanafunzi milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2. Ulikuwa uamuzi wa haki na sioni sababu ya kuulaumu. Lakini vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo, na ajira ya walimu ilikuwa imebanwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, serikali ikijaza nafasi chache tu. Vijijini kulikuwa na vijana wenye cheti cha ualimu cha P1 wakisubiri nyumbani miaka kadhaa waitwe na Tume ya Utumishi wa Walimu, yaani TSC. Huku darasa la kwanza likichanganya mtoto wa miaka 5 aliyefika shule kwa mara ya kwanza na kijana wa miaka 14 aliyekuwa amekosa karo miaka yote hiyo. Baadhi walikuwa wamepitia shule ya awali na wanaijua alfabeti. Wengine hawakuwahi kushika penseli.

Shirika la International Child Support, lililokuwa likifanya kazi katika eneo hilo, liliamua kulipia mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walishirikiana nalo kupanga mradi na kuupima. Duflo na Kremer ndio hao waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee. Shule zilikuwa 210. Kwa kura, 140 zilipewa fedha za mwalimu wa ziada na 70 zikaachwa kama zilivyo ili kulinganisha. Mwalimu wa ziada hakuajiriwa na TSC. Kamati ya shule ndiyo iliyomtafuta, ikamhoji, ikampa mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kurudiwa akifanya vizuri. Alikuwa na sifa zilezile za chuo kama walimu wa serikali, lakini alilipwa kama robo ya mshahara wao.

Katika sehemu kubwa ya shule hizo darasa la kwanza lilikuwa na mkondo mmoja tu, kwa hiyo mwalimu mpya alimaanisha mkondo wa pili. Ni mkondo upi uende kwa mwalimu wa serikali na upi kwa mwalimu wa mkataba, hilo nalo liliamuliwa kwa kura. Umuhimu wake ni huu: mwalimu mkuu hakuwa na nafasi ya kumpa mgeni watoto wagumu, wala mwalimu mzoefu hakuweza kuchagua walio wepesi.

Mradi ulianza muhula wa pili wa 2005 na kuwafuata watoto hao hadi mwisho wa darasa la pili.

Sasa turudi kwenye chumba cha mwalimu wa serikali, mahali ambapo idadi ilishuka karibu nusu na alama zikabaki palepale. Maelezo ambayo watafiti waliyaona kwenye takwimu zao za ziara za kushtukiza ni ya kusikitisha, na inafaa kuyasema wazi: mwalimu mzoefu alipoona kuna mtu wa pili wa kushika darasa la kwanza, alipunguza juhudi. Alionekana darasani akifundisha mara chache zaidi kuliko wenzake wa shule ambazo hazikupata mtu wa ziada. Watoto walipunguziwa msongamano, na papo hapo wakapunguziwa mwalimu.

Nawajua walimu wa kutosha kukataa kulisimulia jambo hili kama habari ya uvivu. Mwalimu wa shule ya kijijini ndiye karani, ndiye mganga wa dharura, ndiye anayeitwa mkutano wa tarafa asubuhi ya siku ya kazi, ndiye anayefuata mshahara benki mjini kwa sababu matawi hayafiki kijijini. Amefundisha watoto 80 miaka mfululizo bila mtu kumsaidia wala kumwuliza walijifunza nini. Siku anapopata pumzi, anaivuta. Kosa lilikuwa kwenye mpango uliodhani kwamba pumzi hiyo ingegeuka yenyewe kuwa ufundishaji. Hakuna aliyekaa naye na kumwambia: sasa una 44, tuache kukariri kwa pamoja, tuanze kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Hakupewa mafunzo ya namna ya kulitumia darasa dogo. Alifundisha 44 kama alivyofundisha 82, akiwa chumbani, na mara nyingine hakuwamo.

Kuna jambo jingine lililojitokeza na ambalo wazazi wa vijijini wangeweza kulitabiri: kama theluthi moja ya nafasi za mkataba zilichukuliwa na ndugu wa walimu waliokuwapo. Fedha zilizokusudiwa watoto zikageuka pia fursa ya familia.

Kwa mwalimu wa mkataba hali ilikuwa tofauti. Alihudhuria. Hakuwa na uzoefu wa miaka kumi, hakuwa na mshahara wa maana, lakini alikuwa chumbani, na mkataba wake wa mwaka ujao uliwategemea watu wanaomwona kila siku. Alikuwa na tumaini pia: wale waliofanya vizuri zaidi waliishia kupata ajira ya serikali kadiri muda ulivyopita. Watoto wake walipata darasa dogo lenye mtu ndani yake.

Nusu ya shule zilizopata mwalimu wa ziada zilipata pia mafunzo kwa kamati ya shule. Wazazi walifundishwa namna ya kumhoji mwombaji kazi, namna ya kufuatilia mahudhurio, na namna ya kufanya kikao cha tathmini kabla mkataba haujarudiwa. Hayo si mambo makubwa. Ni daftari, kalamu, na mzazi anayepita shuleni asubuhi bila kutoa taarifa. Katika shule hizo upendeleo wa ndugu ulipungua, na ule mtindo wa mwalimu wa serikali kujiondoa darasani ukapungua vilevile. Mzazi ambaye hajui kusoma anaweza kabisa kujua kama mwalimu yumo darasani. Kwa miaka mingi tulimwambia mzazi huyo kwamba kazi yake ni kununua sare na kuchangia ukarabati wa choo.

Sehemu ya kisa hiki inayonigusa zaidi inahusu jinsi watoto walivyogawanywa. Katika shule 121 zilizokuwa na mkondo mmoja, karibu nusu zilipata mikondo miwili kwa bahati nasibu tu, watoto wakichanganywa. Nusu nyingine ziligawanya kwa alama za muhula wa kwanza: waliokuwa juu ya katikati mkondo huu, waliokuwa chini mkondo ule. Mtu angetarajia walio chini waumie, maana wamenyimwa wenzao wa kuigiza. Baada ya miezi 18, shule zilizogawanya kwa kiwango zilikuwa mbele, na walio chini nao walifaidika. Kwa lugha ya kawaida, mtoto aliyekuwa katikati kabisa ya wenzake 100 angewapita watano au sita hivi. Si muujiza. Lakini faida hiyo ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baada ya mradi kwisha, na miradi mingi ya elimu haiwezi kudai hivyo.

Kwa nini? Kwa sababu mwalimu alipata nafasi ya kufundisha watoto walio mbele yake. Katika darasa lililochanganyika, mwalimu wa Kenya wa wakati huo alifundisha kwa kiwango cha walio juu. Mtaala ulikuwa mzito, vitabu vilikuwa vya Kiingereza kwa mtoto anayeongea Kibukusu nyumbani na Kiswahili sokoni, na heshima ya shule ilipimwa kwa mtihani wa KCPE wa darasa la nane. Ilijulikana hata kabla ya hapo: katika jaribio la awali la Busia, shule zilipopewa vitabu vya kiada, waliofaidika ni wale tu waliokuwa tayari wakifanya vizuri. Wengine walivishika vitabu bila kuweza kuvisoma.

Mimi naliona hili kama kiini cha suala zima la madarasa madogo. Idadi inapopungua bila kiwango cha somo kushuka hadi pale mtoto alipo, mtoto aliyeachwa nyuma na darasa la watu 82 ataachwa nyuma na darasa la watu 44. Tofauti ni kwamba atakuwa na nafasi ya kuweka viwiko.

Hata hivyo sitaki mtu achukue matokeo haya akaanzisha mkondo wa werevu na mkondo wa wajinga hadi darasa la nane. Tumeishi na mikondo hiyo, na tunajua watoto wanavyoitana majina uwanjani. Kilichopimwa hapa ni watoto wa darasa la kwanza, kwa alama za muhula mmoja, kwa miezi 18. Kinachoweza kutetewa ni makundi ya kusoma na kuhesabu yanayopangwa upya kila muhula, ambamo mtoto akifungua macho anahama, na kila mtu shuleni anajua kwamba kuhama ni jambo la kawaida.

Wapo watakaouliza: je, ina maana ukubwa wa darasa si kitu? Hapana. Katika jimbo la Tennessee, Marekani, kuanzia mwaka 1985 watoto wa miaka ya mwanzo walipangwa kwa kura katika madarasa ya watu 13 hadi 17 na ya watu 22 hadi 25, katika shule 79. Walio katika madarasa madogo walifanya vizuri zaidi, na waliotoka familia maskini walinufaika kuliko wengine. Lakini linganisha masharti. Kule darasa kubwa la kulinganishia lilikuwa na watoto 22 hadi 25. Darasa letu dogo lilikuwa na 44. Kule kuwapo kwa mwalimu chumbani hakukuwa jambo la kujadiliwa. Kwetu, namba ilishushwa kabla ya lile la msingi kuhakikishwa.

Hapa ndipo suala la urefu wa kipindi linapoingia. Husikika hoja kwamba kama fedha za mwalimu wa ziada hazipo, basi mwalimu yuleyule agawanye watoto wake, afundishe nusu kwa kipindi kifupi, kisha nusu nyingine. Hesabu kavu haileti nafuu yoyote: watoto 80 kwa dakika 60 au watoto 40 kwa dakika 30, kila mmoja anaangukiwa na sekunde 45 zilezile. Faida, kama ipo, inatokana na kile kinachowezekana kufanyika kwa 40 na kisichowezekana kwa 80.

Chukua kusoma kwa sauti, ambako ndiko kujua kama mtoto anasoma au anaimba alichokariri. Tuseme katika kila kipindi cha dakika 30 mwalimu anatenga dakika 10 za kumsikiliza mtoto mmoja kwa dakika moja. Kwa vipindi vitano kwa wiki anasikia watoto 50. Darasa la 44 linaisha ndani ya wiki. Darasa la 82 linahitaji vipindi tisa, karibu wiki mbili, na kati yake kuna siku ya michezo, siku ya mvua na siku ya kikao. Mtoto anayesikilizwa kila wiki, kosa lake la kuchanganya b na d linakamatwa likiwa bado bichi. Anayesikilizwa mara mbili kwa mwezi anajenga juu ya kosa hilo. Dakika 20 zinazobaki zinatosha kwa sauti moja mpya, maneno machache na sentensi mbili. Mtoto wa miaka 6 hahitaji zaidi kwa mkupuo mmoja, na mwalimu yeyote wa madarasa ya chini anajua kwamba baada ya nusu saa macho yao yako dirishani.

Kenya yenyewe ilionyesha baadaye kwamba kipindi kifupi kinaweza kubeba mengi kikipangwa. Mradi wa kusoma na hesabu ulioitwa PRIMR, kati ya 2011 na 2014, na baada yake programu ya Tusome iliyoenea nchi nzima kuanzia 2015, iliacha madarasa yalivyo na kushughulikia kilichomo ndani ya zile dakika 30: kila mtoto na kitabu chake, mwongozo wa mwalimu unaosema hatua kwa hatua, na afisa anayetembelea shule, anakaa nyuma ya darasa, anasikiliza watoto wachache wakisoma na kuzungumza na mwalimu palepale. Usomaji ulipanda. Walimu wengine walilalamika kwamba mwongozo unawabana, na malalamiko hayo yana ukweli wake kwa mwalimu hodari. Kwa aliyekuwa akiingia darasani bila andalio la somo, ulikuwa msaada.

Tahadhari moja kuhusu kugawa watoto kwa zamu. Shule zenye msongamano, Dar es Salaam kwa mfano, zimewahi kuendesha zamu ya asubuhi na ya mchana ili vyumba vitoshe. Ikiwa zamu inakata nusu ya muda wa mtoto shuleni bila kubadilisha chochote katika muda uliobaki, amepoteza mara mbili. Kipindi kifupi ni kizuri kikiwa kimoja kati ya vingi kwa siku. Kikiwa ndicho pekee, ni kupunjwa.

Tanzania nayo ina ushahidi wake unaoelekea upande uleule. Chini ya KiuFunza, mradi ulioendeshwa na shirika la Twaweza mwaka 2013 na 2014 na kupimwa katika shule 350, baadhi ya shule zilipewa ruzuku, baadhi zilipewa motisha ya fedha kwa walimu kulingana na watoto waliofaulu kusoma na kuhesabu, na baadhi zikapewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama. Vyote viwili kwa pamoja viliinua, na zaidi ya jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Watu wa Bungoma wasingeshangaa.

Kisa hakikuishia kwenye shule 140. Serikali ya Kenya iliamua kuajiri walimu wa mkataba kitaifa, 18,000 hivi, na jaribio la pili likafanyika katika shule 192 kote nchini. Katika baadhi ya shule mpango uliendeshwa na shirika la World Vision, katika nyingine na wizara yenyewe. Palipoendeshwa na shirika alama zilipanda. Palipoendeshwa na wizara hazikupanda kabisa, ingawa mkataba kwenye karatasi ulikuwa uleule. Chama cha walimu, KNUT, kilipinga mpango huo mahakamani na barabarani, na baada ya mgomo wa 2011 serikali ikakubali kuwaingiza walimu hao katika ajira ya kudumu.

Wapo wanaokilaumu chama kwa kuua mpango mzuri. Siwezi kujiunga nao. Kumlipa kijana mwenye cheti robo ya mshahara wa jirani yake kwa kazi ileile, mwaka baada ya mwaka, si jambo la kujengea shule. Kenya ililijadili upya mwaka 2024 kuhusu walimu wanagenzi wa sekondari ya chini, mahakama ikasema kuwaajiri kwa namna ile kulikiuka haki zao. Watafiti wa 2005 wenyewe walipendekeza kitu tofauti na kibarua cha kudumu: mwalimu aanze kwa mkataba wa majaribio chini ya macho ya kamati ya shule, na akithibitika apewe ajira kamili na mshahara kamili. Sehemu ya kwanza ya pendekezo hilo ilinakiliwa kwa haraka kwa sababu ni rahisi kwa hazina. Sehemu ya pili ilibidi ipiganiwe.

Kama ningekuwa mwalimu mkuu wa shule yenye watoto 120 wa darasa la kwanza na walimu wawili, na mtu akaniletea fedha za wa tatu, nisingekimbilia kuhesabu 40, 40, 40. Ningeanza na kamati, ningeomba wazazi wawili wasio na undugu na mwalimu yeyote wakae kwenye usaili, na wao ndio wawe na daftari la mahudhurio la walimu wote watatu, si la mgeni peke yake. Mwisho wa muhula wa kwanza kila mtoto angesoma mbele ya mwalimu kwa dakika moja, makundi matatu yangepangwa kwa matokeo hayo kwa ajili ya vipindi vya kusoma na kuhesabu tu, na kundi lililo chini kabisa lingepewa mwalimu bora niliye naye. Michezo, nyimbo na chakula wangekuwa pamoja. Makundi yangepangwa upya kila muhula. Kuhusu mshahara wa huyo wa tatu, ningeiandikia TSC tangu siku ya kwanza, nikiambatanisha kumbukumbu za kikao, kueleza lini tathmini yake itafanyika na kuomba nafasi iwe tayari atakapofaulu.